Niulize Keshokutwa

Jumamosi moja ya Agosti 2022, mwaka wa pili wa kuumwa kwangu, nilikata zabibu kwa baba mkwe, Hombolo, Dodoma. Tulianza saa moja na nusu asubuhi, baridi bado inauma vidole, tukaacha saa nne jua lilipoanza kuchoma. Saa mbili na nusu tu za kazi. Shemeji akanipiga picha nimeinua kichala juu kama nahodha na kombe lake, nacheka mpaka magego yanaonekana. Kabla chai haijamiminwa, picha ilishazunguka simu za ukoo mzima. Mkwe kapona. Mungu ni mwema. Mama mkwe akaagiza jogoo akamatwe.

Jumapili nilienda ibadani nikarudi. Jumatatu nilishindwa kushika mswaki.

Nieleze vizuri hapo, maana watu wakisikia "alishindwa" huelewa "hakujisikia". Mkono uliinuka hadi kifuani ukaishia hapo. Koo lilikuwa linawasha, tezi za shingo zimevimba, mwanga wa dirishani unachoma macho. Mke wangu alipokoroga chai, kijiko kiligonga kikombe nikaona kama fundi bati yuko ndani ya kichwa changu. Akanifunika uso kwa kanga, akatoa watoto nje. Nilikaa chini ya kanga hiyo siku tisa.

Siku ya nne shemeji akaja kuniona, simu mkononi, picha ile bado ipo juu. "Lakini shemeji, Jumamosi si ulikuwa mzima kabisa?" Hakuwa na ubaya wowote. Sikumjibu kwa sababu kujibu nako ni kazi, lakini jibu nimeishi nalo tangu siku hiyo: Jumamosi siyo siku ya kuniuliza.

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la tano, kule Mpwapwa, alitukaririsha siku kama kwaya: leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Tulicheka sana. Nani Mpwapwa angesema mtondogoo? Mwenzetu mmoja aliyekuwa na kichwa kirefu tukampa jina hilo hadi anamaliza shule. Leo ndiyo naona thamani ya somo lile. Ugonjwa wangu unahesabu hivyohivyo. Ninachofanya leo, bili yake haiji leo. Inakuja kesho jioni au keshokutwa asubuhi, na kama nilizidisha inaendelea hadi huko kwa mtondogoo na kupita.

Madaktari wanauandika kwa herufi: ME/CFS. Herufi mbili za mwanzo zinazungumzia maumivu ya misuli na uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo, na tatu za mwisho ni uchovu sugu. Nani alichagua neno uchovu sijui alikuwa anafikiria nini. Kwetu uchovu ni salamu. Mtu anarudi kutoka Dar kwa treni anaambiwa pole kwa uchovu. Fundi anateremka juu ya paa anaambiwa pole kwa uchovu. Uchovu ni kitu cha heshima, mshahara wa mtu aliyefanya kazi, na dawa yake ni maji ya moto na usingizi. Sasa mtu mzima anakuja kwako na kusema ana ugonjwa wa uchovu. Utamwonaje? Mimi mwenyewe ningemcheka.

Tafsiri nzuri kuliko zote nimeipata mtaani, kwenye mikopo ya kausha damu. Kila mtu Dodoma anamjua mama aliyekopa laki moja ya kausha damu, akashinda siku nzima na pesa mkononi, anatabasamu, watoto wamekula nyama. Ukipiga picha siku hiyo utasema mama yule mambo yake safi. Rudi siku wanapokuja kuchukua televisheni. Mwili wangu unakopesha kwa masharti hayohayo. Na tofauti na mwili wa mtu mzima, ambao ukiutumia leo unakuwa imara zaidi wiki ijayo, wangu ukiukopa sana riba inabaki. Kuna mambo niliyokuwa nayaweza mwaka 2021 ambayo niliyapoteza kwa ubishi wangu na hayajarudi.

Mimi ni mpima ardhi. Mwaka 2017, CDA, mamlaka iliyosimamia ardhi ya mji, ilipovunjwa na serikali ikawa inahamia Dodoma kwa kasi, kila kilima kilihitaji mpima. Nilikuwa natembea kutwa nzima Iyumbu, Nala, Mtumba, kifaa begani, mawe ya bikoni ya kuonyesha mipaka kwenye pikipiki, na jioni nacheza mpira. Sisemi hili kujisifu. Nalisema kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa ni kama nilikuwa mtu wa kujituma.

Machi 2021 nilikwenda kwa mama likizo fupi. Mbuzi walikuwa wanazaa. Usiku mmoja jike alikwama, mama hana macho ya usiku, nikaingiza mkono mwenyewe, bila glavu, bila chochote, nikamtoa mtoto. Wiki mbili na kitu baadaye nikashikwa na homa ya kutetemesha kitanda.

Zahanati ya kwanza: malaria, mdudu mmoja. Dawa mseto. Ya pili: malaria imeisha ila kuna taifodi. Vidonge vya siku kumi. Ya tatu: taifodi na UTI. Sindano asubuhi na jioni. Wasomaji wangu wa Tanzania mnaijua njia hii, kila mmoja wetu ameipita na risiti anazo. Wiki ya nne homa ikashuka. Mimi sikurudi.

Baadaye, nikiwa kitandani na simu imepunguzwa mwanga hadi mwisho, nikakutana na utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Walioandikiwa kuwa wana malaria walikuwa asilimia 60.7. Waliokuwa nayo kweli, damu ilipochunguzwa kwa makini, walikuwa 14. Watu kumi na wanne kati ya 870, yaani asilimia 1.6. Wengine walikuwa na bakteria wa kwenye damu, leptospira, brusela, chikungunya, na asilimia tano ya waliopimwa walikutwa na kitu kinaitwa homa ya Q.

Niliposoma homa ya Q inavyoenea nilikaa kitako. Bakteria wake, Coxiella burnetii, wanajaa kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi wa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Yakikauka yanakuwa vumbi, vumbi linachukuliwa na upepo. Nani anahitaji kuelezwa habari za vumbi na upepo Dodoma? Uholanzi kati ya 2007 na 2010 walipata mlipuko uliotoka kwenye mashamba ya mbuzi wa maziwa, wagonjwa zaidi ya 4,000 wakaandikishwa, na karibu mmoja kati ya watano wanaoumwa homa hiyo hubaki na uchovu usioisha. Mimi sikupimwa wakati ule, kwa hiyo yule jike wa mama simshtaki. Lakini nilianza kuona kwamba ninachoumwa kina mlango wa kuingilia.

Na mlango si mmoja. Kuna mji wa wakulima na wafugaji Australia unaitwa Dubbo. (Nikiwa nimechoka nasoma Dodoma.) Madaktari wa huko walifanya jambo rahisi ambalo kila mara naliwaza: waliwachukua watu 253 waliougua magonjwa matatu tofauti, kirusi cha Epstein-Barr, kirusi cha Ross River kinacholetwa na mbu, na homa ya Q, kisha wakawafuatilia. Baada ya miezi sita, asilimia 12 hawakuwa wamepona, na karibu wote hao walitimiza vigezo vya uchovu sugu. Vimelea vitatu visivyofanana, mwisho mmoja. Walitafuta nini kinamtofautisha anayebaki na anayepona. Haikuwa tabia ya mtu, wala historia ya akili yake. Ilikuwa ukali wa homa ya mwanzo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, miaka kumi na tano kabla mtu hajaniambia nipunguze mawazo.

Maana niliambiwa, na si mara moja. Mwanamume wa miaka thelathini na tano akikonda na kuacha kazi, mtaa una majibu matatu tayari: ngoma, yaani Ukimwi, amelogwa, au hataki kazi. La kwanza nilipima mara tatu kwa ajili ya amani ya mke wangu. La pili mjomba alilishughulikia kwa njia zake, sitaki kuandika yaliyotokea ila kuku wawili weusi walihusika. La tatu halina kipimo. Na kwa kuwa tunaishi Dodoma, kuna utani wa nne ambao Watanzania wote wanaujua, wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Rafiki yangu wa kazini aliniambia, akicheka, kwamba nisihangaike kupanda daladala mbili, Mirembe ni moja tu. Nilicheka naye. Usiku sikulala.

Wenzangu wa mwanzo hawakutaniwa, waliandikwa kwenye majarida. Mwaka 1955, hospitali ya Royal Free, London, wafanyakazi wake 292 waliugua kwa miezi michache hadi hospitali ikafungwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Madaktari na wauguzi, watu wanaojua kuumwa ni nini. Mwaka 1970 wataalamu wawili wa magonjwa ya akili wakarudia mafaili yale na kuandika kwamba ilikuwa histeria, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Hawakumhoji mgonjwa hata mmoja. Kwenye fani yangu, mtu akichora ramani ya kiwanja bila kufika kiwanjani ananyang'anywa leseni.

Mlima Mlimwa nao una sehemu yake. Mwishoni mwa 2021 daktari mmoja, mtu mwema, aliniambia misuli imelala na dawa yake ni mazoezi ya kupanda taratibu: wiki hii dakika kumi, wiki ijayo kumi na tano. Nilimpenda kwa sababu alinipa kazi ya kufanya. Nikafuata kama mwanafunzi. Wiki ya tano nikapanda Mlimwa na vijana wa mazoezi ya Jumamosi, nikafika juu, nikauangalia mji wote hadi Bungeni, nikalia kwa furaha. Ilikuwa mara ya mwisho kutembea zaidi ya kilomita moja kwa mwaka mzima uliofuata.

Daktari yule hakubuni. Ushauri wake ulitoka kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza, wagonjwa 641, uliochapishwa mwaka 2011, uliosema mazoezi ya kuongeza hatua kwa hatua yanasaidia, na mwaka 2013 watafiti haohao wakaongeza kwamba wengine wanapona. Wagonjwa wakaanza kukagua hesabu. Ili uingizwe kwenye utafiti kama mgonjwa, alama zako za nguvu za mwili zilitakiwa zisizidi 65. Ili uhesabiwe umepona kwenye kipengele hicho, zilitosha 60. Yaani mtu angeweza kuingia na 65, akazidiwa akashuka 60, na kipengele hicho kikamwandika mzima. Mimi najua jina la mtu anayefanya hivyo. Ni mpima anayesogeza bikoni usiku. Takwimu zilitolewa mwaka 2016 baada ya mgonjwa kuzidai na mahakama ya haki ya taarifa kuamuru, na mwaka 2021 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kikaondoa mazoezi yale ya kupandisha kwenye mwongozo wake. Oktoba 2021. Miezi miwili kabla sijapanda Mlimwa.

Kosa la miaka mingi, kwa macho yangu ya kupima, ni kwamba watu walipima siku moja. Hata vigezo vilivyotumika dunia nzima tangu mwaka 1994 viliiweka hali ya kuzidiwa baada ya kujishughulisha kama dalili ya hiari: orodha ya dalili nane, chagua nne. Ni kama kueleza malaria na kusema homa si lazima. Waliokuja kupima vizuri walifanya jambo dogo tu, walirudia siku ya pili. Mgonjwa anapanda baiskeli ya maabara leo, wanapima hewa anayovuta na anayotoa, na mara nyingi matokeo hayatofautiani sana na ya mtu asiye na mazoezi. Kesho anapanda tena. Mtu mzima anarudia alichofanya jana. Huyu anashuka. Na mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa 25 waliobaki na dalili hizi baada ya Uviko, wakiwalinganisha na watu 21 wazima. Walichukua vipande vya misuli ya paja kabla ya kupanda baiskeli, kisha siku moja baadaye. Misuli ya wagonjwa ilikuwa na hitilafu tangu mwanzo, ikazidi kuharibika baada ya kupanda.

Miongozo mipya imelikubali hilo. Tangu ripoti ya Marekani ya mwaka 2015, huwezi kusema mtu ana ugonjwa huu bila kuwepo hali hiyo ya kuzidiwa baadaye. Ziongezwe miezi sita ya nguvu kupungua kabisa kuliko zamani, usingizi usioburudisha, na ama kichwa kisichofikiri sawasawa, ama mwili usiovumilia kusimama. Mimi ninavyo vyote viwili. Kuna siku nikiwa kiwanjani nilisahau neno "kamba". Nikawaambia vijana, "nileteeni ile ndefu." Wakaniletea ngazi.

Aliyeniona kwanza alikuwa tabibu kijana kwenye kituo cha afya, mwaka 2023, mtu ambaye chumba chake kilikuwa na meza, kitanda, mashine ya presha na kalenda ya mwaka uliopita. Kwanza alihakikisha mengine yote yameangaliwa: damu, sukari, figo, tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi. (Na wewe unayesoma ukijifananisha nami, anzia hapo, usianzie kwangu. Uchovu una baba wengi na baadhi yao wana dawa.) Kisha akanilaza dakika kumi kimya, akahesabu mapigo: 74. Akanisimamisha nimeegemea ukuta, visigino mbele kidogo, nisitikisike, nisiongee. Kila dakika anahesabu na kuandika nyuma ya cheti changu. Dakika ya kumi mapigo yalikuwa 112, miguu imegeuka rangi ya zambarau, jasho linanitoka. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, hiyo si uvivu, akasema. Ukuta na saa ya mkononi. Miaka miwili nilikuwa natafuta mashine kubwa, na kipimo kilikuwa ukuta.

Nilipokaa akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kaka, ukifanya kazi leo, keshokutwa unakuwaje?"

Nililia mbele ya mtoto wa watu. Akasubiri, akajifanya anatafuta kalamu.

Dawa ya kuponya hakuna, aliniambia wazi, na hadi leo hakuna. Kilichopo ni kupunguza makali: chumvi na maji zaidi kwa sababu presha yangu si ya kupanda, soksi za kubana, dawa ya maumivu na ya usingizi kwa kiasi kidogo. Halafu kujipimia. Hapo nilirudi kwenye kazi yangu. Kiwanja changu cha zamani kilikuwa heka nzima, sasa ni ishirini kwa ishirini, na kazi ya kwanza ni kukubali mipaka kabla ya kujenga. Kwa wiki sita niliandika kila nilichofanya na keshokutwa yake ikoje. Kuoga nimesimama: bikoni imevukwa. Kuoga nimekaa kwenye kigoda: ndani ya mpaka. Kuchora ramani kwenye kompyuta nimelala, dakika arobaini, mapumziko, dakika arobaini: ndani. Kubishana na mteja wa kiwanja chenye mgogoro kwa simu, dakika kumi: nje, mbali sana, karibu na Bahi. Jambo gumu ni kwamba mwili haupigi kengele ukifika mpakani. Siku ninayojisikia vizuri ndiyo ya hatari, maana naona kiwanja cha jirani kitupu na mkono unawasha kuchimba msingi.

Nina bahati. Karibu robo ya wagonjwa hawatoki ndani au hawatoki kitandani, wapo wasiomeza chakula wala kuvumilia mtu kuongea chumbani. Nawaandikia wao pia, ingawa najua wengi hawatafika aya hii.

Sasa msiba. Hili silioni likiandikwa popote, na kwetu ndilo zito kuliko dawa.

Mtu anaweza kuacha kazi akavumiliwa. Asipoonekana misibani, hapo ameisha. Mtaani kwetu Nkuhungu, mtu akifariki usiku, alfajiri wanaume wapo na turubai, wanawake wapo na masufuria, na anayekosekana anajulikana kabla jua halijachomoza. Mwaka 2022 pekee nilikosa misiba minne. Mke wangu alikwenda yote. Alikata kuni za kwake na zangu, alilala chini siku tatu tatu, akirudi anasimulia nani kaimba vizuri, na asichosimulia nilikisoma kwenye uso. Siku moja nilimsikia jirani nje ya dirisha, hakujua naamka mapema: "Yule bwana asiyezika, siku yake atajizika mwenyewe." Maneno haya hayamponzi mtu mmoja tu. Yanaingia kwenye nyumba, kwa watoto, hadi shuleni.

Mjumbe wetu ni mzee wa miaka sabini na ushee, alikuwa reli zamani. Alikuja jioni, akavua viatu, akakataa kiti akaketi mkekani ili nisilazimike kuinuka. Tukasalimiana, mbukwa, mbukwa, kirefu, kama Wagogo wanavyosalimiana, na katika salamu zile hakuuliza naumwa nini. Aliuliza, "Kijana wangu, ungekuwa na mguu wa bandia ningeuona. Huu wako siuoni, nielekeze. Unaweza kukaa kwa muda gani?"

Nikamwambia: saa moja, kwenye kiti chenye mgongo, kivulini, pasipo kelele nyingi. Na asinihukumu siku hiyo, bali keshokutwa yake.

Akatafuna jambo hilo muda mrefu. Kisha akasema msibani kuna kazi ambayo vijana wote wanaikimbia kwa sababu haina sifa: daftari la rambirambi. Anayeandika anakaa pembeni, anatakiwa awe mwaminifu na mwenye mwandiko unaosomeka. "Wewe si unaandika ramani?"

Msiba uliofuata ilikuja bajaji kunichukua. Kiti cha plastiki kiliwekwa nyuma ya nyumba, mbali na spika, na mkeka chini yake kama nikizidiwa. Niliandika majina arobaini na mbili, elfu mbili, elfu tano, debe la mahindi. Baada ya saa moja binti wa shule akachukua kalamu. Mzee akasimama mbele ya waombolezaji, kwenye matangazo, akasema mwandishi wa daftari anarudishwa nyumbani kwa sababu ni mgonjwa wa keshokutwa. Watu wakacheka kidogo, hata wafiwa. Jina limeniganda. Watoto wa mtaani wananiita Mzee Keshokutwa, nami naitika.

Hicho ndicho ninachokiita msaada, na gharama yake ilikuwa bajaji na kiti cha plastiki. Huwa nawaza, kama mwajiri wangu wa zamani angeuliza swali la mzee yule badala ya kuomba barua ya tatu ya daktari, bado ningekuwa namchorea ramani zake nikiwa nimelala.

Habari za maabara nazifuata kwa mtindo wa mtu anayesubiri mvua: naangalia wingu, siandai mbegu yote. Wanorwe walitarajia sana dawa ya rituximab, majaribio makubwa yakachapishwa mwaka 2019, haikuishinda dripu ya mfano isiyo na dawa. Agosti 2025 watafiti wa Edinburgh walitoa matokeo ya kwanza ya DecodeME: vinasaba vya wagonjwa 15,579, na maeneo manane yanayotofautiana na ya watu wengine, baadhi yakihusu kinga ya mwili na mfumo wa fahamu. Hiyo siyo dawa, lakini ni bikoni zilizopandwa mahali ambapo watu waliapa hapana kiwanja. Karibu na sisi, chuo cha Stellenbosch, Afrika Kusini, wanachunguza vipande vidogo vya damu iliyoganda kwa wagonjwa wa aina yetu. Nigeria walishafanya hesabu yao mwaka 2007 na kukuta wagonjwa, kwa hiyo ile hoja kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu wenye nafasi naomba izikwe, nitaandika mwenyewe daftari la rambirambi.

Kwetu natamani kazi ndogo kuliko hizo. Fanyeni Dubbo hapa. Dodoma ina chuo kikuu, UDOM, ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, ina mbuzi, ina vumbi, na ina watu wanaolazwa na homa kila wiki. Wachukuliwe namba za simu wanaporuhusiwa. Miezi sita baadaye mtu awapigie, asiwaulize kama wamepona, maana Mtanzania akiulizwa hivyo hujibu "namshukuru Mungu" hata akiwa amelala sakafuni. Awaulize juzi walifanya nini, na leo wakoje.

Mavuno ya mwaka huu shemeji alinifuata mwenyewe. Chini ya mwembe alikuwa ameweka kiti, mizani na daftari. Makarai yalikuwa yanaletwa, napima, naandika kilo. Saa tatu na robo akaja kusimama pembeni yangu kimya, ishara ya kwamba muda umekwisha, akanipa mkasi nikate vichala vitatu vya watoto, vitatu tu, alikuwa anahesabu kwa sauti. Picha hakupiga.

Jumatatu nilipiga mswaki nimesimama. Jumanne nilikaa kwenye kigoda.